Majibu ya mlango wa kizazi: karatasi inasema nini hasa?

"Daktari, nina saratani?" Hilo ndilo swali la kwanza la wanawake wengi wanaoingia chumbani kwangu na karatasi ya majibu ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Karatasi imekunjwa mara nne, imekaa ndani ya pochi wiki nzima, na imejaa herufi kubwa ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Wapo waliokwisha kumwonyesha jirani anayeuza duka la dawa. Wapo ambao hawajamwonyesha mtu yeyote, hasa mume.

Mara nyingi jibu langu ni hapana, wala sisemi hivyo ili kuwapa moyo tu. Vipimo hivi kazi yake ni kutafuta kile kinachotangulia saratani, miaka mingi kabla, wakati mwanamke haumwi popote na hana sababu yoyote ya kwenda hospitali. Ukiambiwa kuna mabadiliko, ujue kipimo kimefanya kazi yake na wewe bado una muda. Wanaoninyima usingizi ni wale waliopimwa wakaondoka, wasirudi kuchukua majibu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Inakadiriwa kuwa kila mwaka wanaougua ni zaidi ya 10,000 na wanaofariki ni zaidi ya 6,000. Wengi wanaofika Ocean Road au Bugando hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Hili huniuma kuliko saratani nyingine nyingi, kwa sababu kongosho liko ndani kabisa ya tumbo, hakuna muuguzi wa kuliona kwa macho. Mlango wa kizazi unaonekana. Taa, spekula na mtu aliyefundishwa vinatosha.

Vipimo vitatu, maswali matatu

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, ile inayochomoza ukeni na kufunguka wakati wa kujifungua. Kuna njia tatu za kuuchunguza, na kila moja ina swali lake. Kipimo cha HPV kinauliza kama kirusi kinachosababisha saratani hii kipo. Kipimo cha Pap kinauliza kama seli zimeanza kubadilika umbo. Kipimo cha siki, ambacho kliniki nyingi hukiita VIA, kinauliza kama kuna sehemu ya mlango wa kizazi inayogeuka nyeupe ikipakwa siki.

Ndiyo maana mwanamke anaweza kukutwa na HPV huku Pap yake ikiwa safi kabisa, akadhani maabara moja imekosea. Haikukosea yoyote. Kirusi kipo, ila hakijafanya uharibifu wa kuonekana. Ni sawa na mtu aliyekuta mchwa kwenye ua wa nyumba, lakini nguzo akizigonga bado ni nzima.

Kuhusu siki, watu hucheka nikiwaambia. Ni siki kweli, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, karibu sawa na ile ya kachumbari. Hupakwa kwa pamba, mtoa huduma anasubiri dakika moja au mbili, kisha anaangalia. Seli zilizobadilika zina kiini kikubwa na protini nyingi; asidi ya siki huigandisha protini hiyo, na sehemu hiyo ikaonekana nyeupe kama ukoko wa ugali. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba jibu linapatikana ukiwa bado kitandani, na mara nyingi tiba inaweza kutolewa siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba unategemea jicho la anayeangalia. Pia kwa mama aliyekoma hedhi eneo tunalolitafuta huwa limerudi ndani, halionekani vizuri, kwa hiyo yeye hafai kutegemea siki peke yake.

Sampuli inatoka wapi

Kipimo cha Pap kimepewa herufi tatu za kwanza za jina la George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York. Mwaka 1928 alieleza kwamba seli za saratani zinaweza kuonekana kwenye ute wa ukeni, na wenzake hawakumchukulia kwa uzito. Kitabu chake na mwenzake Herbert Traut, kilichotoka mwaka 1943, ndicho kilichowageuza. Mke wake, Andromachi, alifanya naye kazi maabara na kwa miaka mingi alitoa sampuli zake mwenyewe ili mumewe ajue seli za kawaida zinafananaje. Nikitaja historia hii darasani, huwataka wanafunzi wakumbuke jina la mama huyo pia.

Turudi kitandani kwenye kliniki. Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi imefunikwa na seli bapa, zimepangana tabaka juu ya tabaka kama ngozi. Ndani ya tundu kuna seli nyingine, ndefu, zinazotengeneza ute. Pale aina hizi mbili zinapokutana pana mpaka ambao seli zake hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine, hasa tangu balehe. Saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia hapo mpakani. Kwa hiyo brashi ndogo inayoingizwa huzungushwa mahali hapo kwa makusudi. Haipiti popote tu. Inachukua seli za juu, hakuna kinachokatwa. Wengi husikia kama kukwaruzwa, wengine maumivu kidogo kama ya hedhi, na tone la damu baada ya hapo ni jambo la kawaida.

Seli hizo hupakwa kwenye kioo chembamba na kuwekewa dawa ya kuzihifadhi hapohapo, au hutiwa kwenye kichupa chenye maji maalumu. Zikikaushwa na hewa kabla ya kuwekewa dawa, zinaharibika na msomaji wa maabara hawezi kuzisoma. Zikichanganyika na damu nyingi au usaha, vivyo hivyo. Hapo karatasi itarudi ikisema sampuli haikutosha au haifai kusomwa. Mama mmoja alikaa mwaka mzima na karatasi ya namna hiyo akiamini yuko salama, kwa sababu hakuona neno saratani. Sampuli isiyosomeka haijakujibu chochote. Unapaswa kurudia, kwa kawaida baada ya miezi miwili hadi minne.

Chini ya hadubini, seli bapa ya kawaida inafanana na yai la macho: eneo pana, na katikati kiini kidogo. Seli iliyobadilika kidogo ina kiini kilichovimba. Iliyobadilika sana, kiini kinakaribia kuijaza seli yote, kimekuwa cheusi na kingo zake zimepinda. Msomaji anapitia maelfu ya seli akitafuta zile chache. Anaweza kuzikosa, na ndiyo sababu Pap haikukusudiwa kufanywa mara moja maishani. Ufini, iliyoanza mpango wa taifa miaka ya 1960, iliushusha ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa kwa kuwaita wanawake tena na tena kila baada ya miaka kadhaa na kuwafuatilia wenye majibu yasiyo mazuri. Huku kwetu kioo kinaweza kusafiri wiki kadhaa kwenda kwa msomaji, na mwenye kioo ameshahama nyumba na kubadili laini ya simu.

Herufi zilizoandikwa

Ukiona NILM, hakuna mabadiliko ya seli yaliyoonekana. Huenda pembeni pakaandikwa kwamba kuna fangasi au bakteria. Hayo yanatibiwa kivyake na hayahusiani na saratani.

ASC-US ndiyo inayosumbua watu zaidi. Ina maana msomaji ameona seli zisizo za kawaida lakini hawezi kusema kwa uhakika ni za nini. Zinaweza kutokana na maambukizi, ukavu wa baada ya kukoma hedhi, au HPV. Kinachofuata ni kupima HPV, au kurudia Pap baada ya mwaka mmoja kama kipimo cha HPV hakipatikani. LSIL ni mabadiliko madogo, kwa kawaida alama kwamba HPV ipo na mwili unapambana nayo. Mengi ya mabadiliko haya hupotea yenyewe, ila yanahitaji kufuatiliwa.

HSIL ni mabadiliko makubwa. Hii pia bado si saratani, lakini hapa sitaki mtu asubiri mwakani, wala amalize kwanza msimu wa kilimo. Anatakiwa kuangaliwa kwa kifaa kinachokuza, kinachoitwa kolposkopu, kuchukuliwa kinyama kidogo pale penye shaka au kutibiwa moja kwa moja. Kinyama hicho kikisomwa, majibu yake huandikwa CIN 1, 2 au 3. Namba hizo zinapima ukubwa wa mabadiliko ya awali. Zisichanganywe na hatua za saratani, ambazo nazo huhesabiwa kwa namba. Nimeona familia ikianza kuchanga fedha za safari ya India kwa sababu ya CIN 3, ugonjwa ambao ungemalizwa kwa matibabu ya asubuhi moja.

Matibabu yenyewe hayaogopeshi kama watu wanavyodhani. Kuna kugandisha kwa baridi kali, kuna kuchoma kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 au zaidi kwa muda usiofika dakika moja, na kuna kukata kipande kidogo kwa waya wenye umeme, njia iitwayo LEEP. Kizazi hakitolewi. Utatokwa na majimaji wiki kadhaa, utaacha tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja, na utapimwa tena baada ya miezi 12. Kurudi huko baada ya miezi 12 ni sehemu ya tiba.

"Mume wangu ataniuliza nimeitoa wapi"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi sana, na naamini ndiyo inayowafanya wanawake wengi wafiche karatasi. Basi niieleze kwa urefu, na ningependa akina baba nao wasome.

Kwanza, HPV si VVU. Kwa Kiingereza herufi zinakaribiana, na nimeona mtu akizimia kwa kusikia herufi moja vibaya. Ni virusi viwili tofauti kabisa.

Pili, HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa, na karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo hilo huipata wakati fulani maishani. Kondomu inapunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote. Kwa wengi, kinga ya mwili hukiondoa kirusi ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kwa wengine hukaa kimya miaka mingi kisha kikaonekana. Kipimo cha HPV hakina tarehe. Hakiwezi kusema kirusi kimeingia lini, wala kimetoka kwa nani. Mwanamke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kukutwa nacho, na mume huyo akawa alikipata kabla hata ya kupeleka posa. Atakayeitumia karatasi hii kama ushahidi wa usaliti anaisingizia maabara jambo ambalo haikulisema. Mama akiniomba, humwita mume tuongee wote watatu, na mara nyingi mume hutoka akiwa na swali tofauti: tunafanya nini sasa?

Jibu ni kwamba hakuna dawa ya kumeza inayoua HPV, na mume hahitaji kutibiwa. Tunachofanya ni kuangalia kama kirusi kimeleta mabadiliko, tukiyakuta tunayatibu, na tunapima tena. Wapo wanaouza mchanganyiko wa mitishamba wa kuondoa HPV, na wana mashahidi wa kweli kabisa, waliokunywa wakapima wakakuta kirusi hakipo. Kumbuka nilichosema: kwa wengi kingeondoka chenyewe. Muuzaji amelipwa kwa kazi iliyofanywa na kinga ya mwili wa mteja.

Pale kirusi kinapong'ang'ania, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU asiyetumia dawa, muda huo unaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri waanze kupimwa HPV wakiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wanawake wengine waanze wakiwa na miaka 30, na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaopimwa kwa siki au Pap, marudio huwa ya karibu zaidi, kama kila miaka mitatu. Ukienda CTC kuchukua dawa, uliza siku hiyohiyo.

Kipimo cha HPV kina jambo jingine zuri: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba, bila spekula na bila kuvuliwa nguo na mtu. Mashine zilezile zinazopima makohozi ya kifua kikuu zinaweza kukifanya, na jibu likatoka ndani ya saa moja hivi. Hapa nchini kimeanza kupatikana baadhi ya maeneo. Bado si kila zahanati.

Visivyo vipimo

Utrasaundi ya tumbo haichunguzi seli za mlango wa kizazi. Nasema hivi kwa sababu kila wiki nasikia, "Nilipiga utrasaundi, kizazi kiko safi." Utrasaundi inaona uvimbe, mimba, maji, mabadiliko ya awali hayaoni. Kupima mkojo kwa ajili ya UTI hakuhusiki. Na zile mashine za mitaani ambazo unashika kifimbo mkononi ukaambiwa magonjwa yote ya mwili kwa elfu kumi, fedha hiyo nunua mboga.

Upande wa pili, mwenye dalili asije kuomba Pap akasubiri majibu. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali usiokoma kwa dawa: huyu anahitaji kuangaliwa na kuchukuliwa kinyama. Pap safi isimzuie.

Kabla ya kwenda, chagua siku usiyo na hedhi. Kwa siku mbili kabla usifanye tendo la ndoa, usiweke dawa wala kitu chochote ukeni, usijisafishe ndani. Wanaotaka waje "wasafi" ndio wanaoosha seli tunazozitafuta. Huduma ya siki hutolewa bila malipo katika vituo vingi vya serikali. Ukichukuliwa sampuli, usiondoke kabla ya kuuliza majibu yatatoka lini, utayafuata dirisha gani, na watakupigia namba ipi. Acha namba mbili, ya pili iwe ya mtu unayemwamini.

Wazazi nao huniuliza kama chanjo ya HPV inaharibu kizazi cha binti. Haiharibu. Haina kirusi hai. Ina maganda matupu ya protini yanayofundisha kinga kukitambua. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, umri ambao wengi hawajakutana na kirusi. Baada ya kukutana nacho, chanjo haikiondoi. Inakinga aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Aina nyingine zinabaki. Kwa hiyo kadi ya chanjo itunzwe, lakini isimfanye binti aruke kupimwa akiwa mtu mzima. Waliochanjwa mwaka ule wa 2018 wakiwa na miaka 14 watafikisha 30 mwaka 2034, na mwaka huo wanapaswa kuja kliniki kama mama zao.